Umefunga keria, ngao au mkonga? Hatua za kuviingiza kwenye bima ya gari lako hapa Kigoma

Mvua zikikaribia, maswali huwa ni yale yale. Watu wanaandaa magari kwa ajili ya njia za Uvinza, Buhigwe na Kalya, wanapita kwa mafundi wa Mwanga na Gungu kufunga keria, ngao ya mbele, mkonga (bomba linaloiwezesha injini kuvuta hewa kutoka juu), taa za ziada na springi ngumu, kisha wanauliza: "Sasa hivi vyote bima inavijua?" Haivijui. Kampuni inalijua gari kama ulivyolieleza kwenye fomu siku ya kukata bima. Ulichoongeza baada ya hapo hakimo mpaka uwaandikie, wakubali, na wakupe karatasi ya nyongeza ya mkataba. Mawakala wengi wanaiita endosimenti.

Mwongozo huu ni wa mwenye bima kubwa, kwa sababu bima ndogo hailipi uharibifu wa gari lako wala kilichofungwa juu yake. Lakini mwenye bima ndogo asome hatua ya 1 na ya 4. Idadi ya siti na matumizi ya gari vinamhusu moja kwa moja, na hapo ndipo wenye Noah na Hiace wanapoumia.

Weka haya mezani kabla ya kuanza

- Kadi ya gari. Kama gari ni la mkopo na kadi iko benki, chukua nakala, na waandikie benki pia, maana jina lao limo kwenye bima.
- Kava noti (karatasi fupi ya kuthibitisha kuwa una bima) pamoja na hati kamili ya mkataba. Wengi wana kava noti tu kwenye simu. Hati yenyewe ina kurasa kadhaa za masharti, na ni haki yako kuidai.
- Risiti za EFD (za mashine ya kielektroniki) za vifaa na za ufundi.
- Simu yenye kamera nzuri, na futi kamba.
- Barua pepe ya kampuni yenyewe, siyo namba ya wakala peke yake.

1. Lizunguke gari na uandike kila kisichotoka kiwandani

Anza mbele, pita pembeni, nyuma, juu, chini, kisha ndani na kwenye boneti. Panga ulichokiona katika makundi matatu, kwa sababu kila kundi lina njia yake.

Kundi la kwanza ni mabadiliko yanayogusa kadi ya gari: rangi, injini, aina ya bodi, idadi ya siti, aina ya mafuta. Humo weka na matumizi. Gari la nyumbani likianza kubeba abiria wa Kasulu kwa nauli, au pikapu ikianza kusomba mizigo ya watu kwa malipo, hilo ni badiliko kubwa kuliko ngao na keria zote, hata kama hujafunga msumari mmoja.

Kundi la pili ni yanayobadilisha namna gari linavyokwenda: kuinua springi, matairi makubwa kuliko ya awali, tenki la ziada la mafuta, ndoano ya kuvutia tela, kuongeza nguvu ya injini, kubadilisha breki.

Kundi la tatu ni vitu vya thamani vilivyoongezwa: redio na spika, rimu, winchi, taa za mbele, kanopi, kamera, betri ya pili, friji. Keria na ngao ziandike kundi la pili na la tatu, maana zina bei na zinaongeza uzito.

Usisumbuke na ulichobadilisha kwa kingine cha aina ile ile: tairi za saizi ile ile, betri, pedi za breki, waipa, mazulia. Vilivyokuja na gari kutoka kiwandani vimo kwenye thamani ya gari, mradi thamani uliyoandika ni ya kweli. Ila kama umenunua gari mkononi mwa mtu, alichofunga yeye ni kifaa cha ziada pia. Kiandike.

2. Piga picha zenye ushahidi

Fanya mchana, gari likiwa limeoshwa. Piga pembe zote nne, namba ya usajili ikisomeka angalau kwenye picha ya mbele na ya nyuma. Kisha piga kila kifaa mara mbili: moja kutoka mbali ili ionekane kimefungwa kwenye gari lako, nyingine karibu ili jina, modeli na namba yake visomeke. Namba ya redio mara nyingi iko ubavuni au nyuma, kwa hiyo ipige kabla fundi hajaipachika. Ya winchi iko kwenye kibandiko cha mota. Kwa matairi, piga maandishi ya saizi ubavuni, mfano 265/70R16. Malizia na namba ya chasisi, namba ya injini na mita ya kilomita.

Zitume kwenye barua pepe yako siku hiyo hiyo. Simu ikiibiwa pamoja na gari, picha zilizobaki ndani yake hazikusaidii.

3. Kipe kila kifaa bei yake

Hapa ndipo madai mengi yanapokwama, hasa kwa vitu vinavyotengenezwa hapa hapa. Redio ya dukani ina risiti. Ngao iliyochomelewa gereji haina. Baada ya ajali mtathmini wa hasara anakuja, anaona mabomba yaliyopinda, hana pa kushika bei, anaandika anachokisia yeye, na hawezi kukisia kwa kukupendelea.

Kwa kazi ya fundi wa kuchomelea, fanya hivi:

- Nunua vyuma mwenyewe duka la vifaa vya ujenzi na udai risiti ya EFD yenye jina lako. Andika kipimo cha bomba, unene wake na idadi.
- Andikiana na fundi karatasi moja: jina lake, simu, mahali alipo, kazi aliyofanya, vipimo vya kitu kilichokamilika, gharama ya ufundi, tarehe, sahihi zenu wawili.
- Piga picha kazi ikiwa nusu, kabla ya rangi, ili viungo na sehemu zilipofungwa bolti zionekane.
- Kama jumla ya vifaa ni kubwa, mwombe mthamini (mtu wa kupima thamani ya mali) anayekubaliwa na kampuni yako akuandikie ripoti. Uliza kwanza wanamkubali nani, usije ukalipia ripoti mara mbili.

Angalizo la ufundi: kabla ya kuchomelea chochote kwenye gari, terminali za betri zitolewe. Umeme wa kuchomelea unaunguza kontroli boksi, na bima hailipi kosa la fundi kazini. Ngao ifungwe kwa bolti kwenye chasisi, isichomelewe moja kwa moja. Na kama gari lina eabegi, nunua ngao iliyotengenezwa kwa modeli hiyo. Ngao ngumu ya kubuni inabadilisha namna pigo linavyofika kwenye vihisio vya mbele, na kampuni nyingine zinaikataa kwa sababu hiyo hiyo.

Orodha yako iwe na umbo hili (bei ni za mfano):

- Keria ya chuma, imetengenezwa na fundi: 650,000
- Ngao ya mbele: 900,000
- Mkonga: 450,000
- Winchi: 1,800,000
- Redio, spika nne na amplifaya: 800,000
- Jumla: shilingi 4,600,000

Usipandishe bei ukidhani utalipwa zaidi. Kampuni hulipa hasara halisi baada ya kuondoa uchakavu, kwa hiyo utakuwa umelipia hewa. Kushusha ni kubaya zaidi, kwa sababu mikataba mingi ina sharti la wastani. Tuseme gari na vifaa vyake vina thamani ya milioni 30, wewe umeandika milioni 24. Ukipata hasara ya milioni 5, unahesabiwa 24 juu ya 30, unalipwa milioni 4, kisha wanakata na kile kiasi unachobeba mwenyewe kwenye kila dai.

4. Kama kadi inaguswa, anzia TRA

Mabadiliko ya rangi, injini, bodi au siti hayaanzii kwa wakala wa bima. Gari likaguliwe na mkaguzi wa magari wa polisi wa usalama barabarani, upeleke ripoti pamoja na nyaraka za kitu kilichobadilishwa ofisi ya TRA, kadi irekebishwe. Kwa injini, tunza risiti ya ununuzi na nyaraka za kuingizwa kwake nchini. Usinunue injini isiyo na karatasi hata ikiwa ya bei ya kutupa. Baada ya ajali, mtathmini anaanza kwa kulinganisha namba ya injini na ya chasisi na zile za kwenye kadi. Zikitofautiana, dai lako linasimama kabla hajafika kwenye bampa.

Anayetaka kubeba abiria kwa nauli anahitaji leseni ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, na bima ya biashara. Noah yenye bima ya matumizi binafsi ikipata ajali na abiria waliolipa nauli, kampuni ina hoja nzito ya kukukatalia, na majeruhi watakudai wewe.

5. Andika barua

Fupi, yenye tarehe. Unaweza kunakili hii:

*Kwa Meneja, (jina la kampuni na tawi).*

*Yah: Taarifa ya vifaa na marekebisho ya gari namba T …, kava noti namba …*

*Gari tajwa limeongezewa vifaa vilivyomo kwenye orodha iliyoambatishwa, vyenye thamani ya jumla ya shilingi … Naomba viingizwe kwenye bima yangu kuanzia tarehe … na nipatiwe hati ya nyongeza inayotaja kila kifaa na thamani yake. Endapo kuna kifaa ambacho kampuni haikikubali, au inakiwekea masharti, naomba nifahamishwe kwa maandishi. Nimeambatisha picha, risiti, makubaliano na fundi, na nakala ya kadi.*

Usiandike "vifaa mbalimbali" wala "nimeboresha gari". Kitu kisichotajwa kwa jina hakilipwi. Na marekebisho yaseme kwa vipimo: "gari limeinuliwa sentimita 5 kwa springi na shokapu mpya", "tenki la ziada la lita 60 limefungwa chini ya bodi".

Bora zaidi, barua iende kabla ya fundi kuanza kazi. Kampuni ikikataa kifaa, utakuwa bado na pesa yako mkononi.

6. Fikisha na ubaki na ushahidi

Wakala anaiwakilisha kampuni, dalali wa bima anakuwakilisha wewe. Ukimwambia dalali na asifikishe, kampuni itasema haikuambiwa. Ukimwambia wakala kwa mdomo, kesho mnaanza kubishana alisema nini. Kwa hiyo, yeyote uliyekata bima kwake, tuma barua pepe kwa kampuni na nakala kwake, au peleka barua tawini na ugongewe muhuri wa "imepokelewa" kwenye nakala yako. Ujumbe wa simu wenye "sawa boss" usiuhesabu kuwa kibali.

7. Ukaguzi

Wakitaka kuliona gari, lipeleke. Kwa kuwa kampuni nyingi hazina mkaguzi wa kudumu hapa, wanaweza kukuomba video au kumtumia mtu wao akipita. Wanachokitazama zaidi ni nyaya na uzito.

Nyaya: taa mbili za wati 55 kwenye umeme wa volti 12 zinavuta kama ampea 9, kwa hiyo ziwe na relei, na fyuzi ya ampea 15 karibu na betri. Waya uliounganishwa kienyeji kutoka kwenye taa kubwa ndio unaowasha moto kwenye boneti, na moto ulioanzia kwenye waya wa namna hiyo ni dai gumu kulitetea.

Uzito: kitabu cha gari kinasema ruufu inabeba kilo ngapi. Magari madogo mengi yako kati ya kilo 50 na 100, na uzito wa keria yenyewe umo humo. Gunia moja la mahindi la kilo 100 tayari limemaliza nafasi yote. Bima kukubali keria yako hakuna maana kwamba imekubali mzigo wowote utakaoupandisha.

8. Lipa nyongeza ya ada

Gari binafsi la bima kubwa mara nyingi hutozwa 3.5% ya thamani, juu yake VAT ya 18%. Kwa vifaa vya 4,600,000 hesabu ni hii: 3.5% ni 161,000, VAT ni 28,980, jumla 189,980 kwa mwaka mzima. Ukiongeza katikati ya mwaka, unalipia miezi iliyobaki tu. Miezi sita ni 94,990. Anayekudai ya mwaka mzima wakati bima yako imebakiza miezi miwili, mwombe akuonyeshe hesabu.

Lipa kwenye akaunti au namba ya malipo ya kampuni, upate risiti. Ulinzi hauanzi kabla ya malipo kufika, kwa hiyo usimwambie wakala "niandikie tu, nitaleta mwisho wa mwezi".

9. Soma hati ya nyongeza mstari kwa mstari

Usiridhike kwamba bima inaonekana kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima. Uhakiki ule unakuthibitishia kuwa bima ya gari ipo na iko hai. Orodha ya vifaa vyako utaiona kwenye hati. Kagua:

- Namba ya gari na ya chasisi ni sahihi, na kila kifaa kimetajwa kwa jina na bei.
- Tarehe ya kuanza.
- Thamani mpya ya jumla. Kama gari lilikuwa 28,000,000, sasa isomeke 32,600,000.
- Sharti la wizi. Mikataba mingi hailipi kifaa kilichoibiwa peke yake gari likiwa limebaki. Saiti mira, taa na redio ndivyo vinavyong'olewa usiku, kwa hiyo uliza kama unaweza kuongeza kinga ya wizi wa vipuri, na bei yake.
- Kiasi utakachobeba mwenyewe. Kama ni 500,000 kwa kila dai na redio yako ni ya 400,000, ikiibiwa yenyewe hutapata kitu. Kifaa cha namna hiyo unakitaja ili ukweli ujulikane na kilipwe pale gari zima linapoharibika.
- Kioo cha mbele na tairi. Tairi lililopasuka peke yake barabarani kwa kawaida halilipwi.

10. Rudia kila unapohuisha

Orodha haijihamishi. Ukibadili kampuni au wakala, inapotea kabisa, kwa sababu fomu mpya inaanza upya. Punguza bei za vifaa kwa uchakavu, toa ulivyouza, ongeza vipya.

Mambo yakikwama

*Wakala anasema "hakuna haja, bima kubwa inabeba kila kitu".* Mwombe akuonyeshe kifungu kwenye mkataba, au akuandikie hivyo kwa barua pepe ya kampuni. Asipoandika, tuma barua yako mwenyewe makao makuu.

*Vifaa vina miaka miwili, sijawahi kusema.* Sema leo. Andika tarehe halisi vilipofungwa, usidanganye kwamba ni vipya. Kampuni inaweza kuongeza ada au kuweka sharti, lakini taarifa ya hiari kabla ya hasara ni tofauti kabisa na kugundulika baada ya ajali.

*Ajali imetokea barua ikiwa njiani.* Dai uharibifu wa gari lenyewe kama kawaida, na ueleze wazi kwamba vifaa vilikuwa bado havijakubaliwa. Usivifungue na kuvificha kabla mtathmini hajafika. Matundu ya bolti na rangi iliyokwaruzwa yanaonekana, na udanganyifu unaweza kuua dai zima, hata sehemu ambayo ilikuwa haki yako.

*Kampuni imekataa kifaa.* Uliza ni kifaa chenyewe au ni namna kilivyofungwa. Mara nyingi ni nyaya au uchomeleaji, na ukirekebisha wanakubali. Wakikataa kabisa, una njia mbili: kukitoa, au kutafuta kampuni nyingine na kuitajia kifaa hicho tangu kwenye fomu ya kwanza. Kukiacha kimefungwa baada ya kukataliwa kwa maandishi ni hatari kuliko kutokukitaja.

*Fundi amehama na sina karatasi.* Pata bei za maandishi za kazi kama hiyo kutoka kwa mafundi wawili wengine, ambatisha na picha zako, na omba mthamini wa kampuni akadirie.

*Matairi makubwa yamebadilisha spidomita.* Tairi lenye kipenyo kikubwa linaifanya isome chini ya mwendo halisi. Ipimwe kwa GPS ya simu kwenye lami ya Kidahwe, na tofauti uiandike kwenye barua. Tochi ya trafiki ya kupima mwendo haitajali kwamba mshale ulikuwa unaonyesha 50.

*Navuka Manyovu kwenda Burundi.* Kadi ya njano ya COMESA inashughulikia madhara unayowasababishia wengine ukiwa nje. Gari lako na vifaa vyake havimo. Omba kampuni iongeze eneo la safari kwenye bima yako kubwa, kwa maandishi, kabla hujavuka.

*Nimeuza winchi.* Waandikie waitoe. Ukiiacha unaendelea kuilipia ada, na siku ya dai utaulizwa iko wapi.

*Kampuni haijibu.* Andika barua ya malalamiko kwa meneja wa kampuni, ukitaja tarehe ya barua ya kwanza na kuambatisha nakala yenye muhuri. Ukikosa jibu, peleka kwa TIRA kupitia ofisi ya kanda. Kama ni mgogoro wa dai lililokataliwa, upo pia Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Kote huko kitu cha kwanza utakachoombwa ni ule muhuri wa "imepokelewa" au ile barua pepe uliyotuma.